Jina Ubavuni mwa Kijiko

Kikombe cha bati kilikuwa mezani, kitupu, na chini yake ndani kulikuwa na vumbi la kijivu. Asubuhi Naisenya alikuwa amekiacha kimejaa maziwa. Aliligusa lile vumbi kwa kidole, akalisugua, akasikia chembe kali za mawe. Halikuwa vumbi jekundu la Karatu, lile linaloingia hata kwenye ugali.

"Namelok, nani amekunywa maziwa?"

"Baba," alijibu binti yake, bila kuinua kichwa kwenye mdoli wake wa matambara. "Alikuwa na kiu sana, Yeyo," akaongeza, akimwita mama kwa Kimaasai.

Namelok alikuwa na miaka sita, na baba yake alikuwa amefariki mtoto akiwa bado tumboni. Jina la marehemu huyo sitaliandika hapa, na atakayekasirika na akasirike. Mbele ataona kwa nini. Kwa Wamaasai mtu akishafariki jina lake huachwa. Akiwepo mwingine ukooni mwenye jina hilohilo, hutafutiwa lingine, maana wanasema aliyelala akiitwa huamka, na akiamka hana tena mahali pa kwenda. Naisenya alizaliwa Enguserosambu, akalelewa na desturi hiyo. Kwa miaka saba hakuwa amelitamka jina la mumewe hata akiwa peke yake, ijapokuwa kulikuwa na siku nyingi alizotamani.

Alimpenda. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo hadithi hii haina maana. Alimfuata Karatu akiacha ng'ombe wa baba yake, watu wakamcheka kwamba ameolewa na mashine, kwa sababu mumewe alikuwa dereva wa kijiko. Ndivyo walivyouita ule mtambo mkubwa wa kuchimba, wenye mkono wa chuma na ndoo ya meno mbele yake. Walichimba mawe kwenye machimbo yaliyo juu ya mji, mawe ya barabara ya kupanda kreta. Masika ya mwaka 1976 ukuta wa machimbo ulishuka wote kwa mara moja, ukamfunika yeye na kijiko chake. Walichimba siku mbili kumtoa. Wanaume waliomtoa hawakumruhusu mkewe amtazame, akamzika bila kumwona uso.

Machimbo yalifungwa mwaka 1982, na mlinzi aliyeachwa pale alikuwa Mzee Wilibrodi, aliyekuwa fundi mkuu wa mitambo. Alikuwa Mwiraqw na Mkatoliki, mtu wa kusali rozari akiwa amelala chini ya injini, na aliipenda mitambo kuliko wengine wanavyowapenda wakwe zao. Badala ya kuiacha ioze, aliiosha, akaipaka rangi ya njano, akaipanga mstari mmoja na kuizungushia mawe yaliyopakwa chokaa: greda mbili, katapila la minyororo, mashine ya kusaga kokoto, na mwisho kabisa kijiko. Akaomba kibali wilayani, na kuanzia Oktoba 1983 kila Jumamosi saa nane mchana alifungua lango. Walikuja wanafunzi, wakaja na watalii waliokuwa wakielekea kreta, na Mzee Wilibrodi aliwapitisha mtambo kwa mtambo akiwaeleza ulivyofanya kazi. Ubavuni mwa kila mtambo alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi jina la dereva wake. Kila alipofika alilisoma kwa sauti kubwa, kwa heshima.

Kikombe kile cha kwanza kilikuwa cha Jumamosi. Jumamosi ya pili Naisenya alirudi kutoka kuuza maziwa akakuta kigoda cha mumewe, kilichokuwa darini miaka yote hiyo, kimewekwa katikati ya nyumba, na nyumba nzima ikinuka dizeli na grisi. Jumamosi ya tatu Namelok alianza kukohoa. Alikohoa kikohozi kikavu, na alichotema kwenye kiganja cha mama yake kilikuwa kijivu.

"Anakuambia nini akija?" Naisenya aliuliza, polepole, kana kwamba anauliza habari za kuku.

"Anasema amechoka. Anasema kwenye kiti chake pana nafasi ya mtu mdogo."

Naisenya alikwenda zahanati, akapewa dawa ya kifua. Akamkamulia mtoto maziwa mabichi, akamchemshia mizizi ya kwao. Mtoto akazidi kukonda. Jumamosi ya nne hakwenda kuuza maziwa. Alifunga mlango kwa komeo, akakaa kitandani na mtoto mapajani, jua likiwaka nje, majirani wakitwanga, redio ya mtu ikiimba.

Ilipofika saa nane na kitu sauti ya kutwanga ilikwisha, kisha na ya redio ikakatika, ingawa baadaye majirani waliapa kwamba hakuna aliyeacha kazi yake mchana ule, na katika ukimya huo Naisenya alisikia hatua za viatu vizito vikiburuta changarawe kutoka upande wa barabara, vikasimama mlangoni, vikajikung'uta mara mbili kama mumewe alivyozoea kujikung'uta ili asimchafulie nyumba, na kabla hajajua kama apige kelele au alie, komeo likiwa limefungwa vilevile, kulikuwa na mtu amekaa kwenye kigoda akiwapa mgongo, shati lake limegandana na vumbi, na vumbi hilo likimtoka masikioni na kwenye mikono ya shati, likidondoka chini taratibu bila kuisha.

Aliujua mgongo ule. Alitamani kuuosha. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba katikati ya hofu ile aliinua mkono kutafuta beseni.

"Mbona umekuja?" alinong'ona.

"Wameniita," alisema mtu yule. Sauti ilitoka mbali, chini. "Nimechoka, mama Namelok. Lakini Wilibrodi ananiita kila juma, nami ni mtu wa kazi."

"Rudi ukalale."

"Kule peke yangu pana giza. Nikienda safari hii nitakwenda na mtoto, anishike mkono." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Namelok akajinyoosha kutoka mapajani kuupokea. Naisenya alimkumbatia kwa nguvu zake zote hadi kelele za majirani ziliporudi. Kigoda kikawa kitupu, na mtoto akawa analia kwamba ameachwa.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya saa nane, alipanda machimboni akiwa amemfunga Namelok mgongoni kwa kanga mbili. Walikuwepo wanafunzi kama thelathini na Wazungu wawili wenye kamera. Alimvuta Mzee Wilibrodi pembeni, akamweleza yote.

"Futa lile jina, mzee wangu. Nakuomba."

Mzee alivua kofia. Machozi yalimlengalenga, kwani naye alimpenda marehemu. Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchimba kwa mikono yake kumtoa siku ile. "Shemeji," alisema, "sisi mwezi huu wa Novemba tunasoma majina ya marehemu wetu kanisani, mmoja mmoja. Anayelia ni yule asiyesomwa. Nikimfuta nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Kwenu anapata raha. Kwetu anaamka."

"Hayo ni majonzi, dada yangu. Na homa ya mtoto. Njoo usimame nami, utaona hakuna kitu."

Alisema kwa wema, na wema usiojua mila ya mwenzako ni sawa na kumpa maji mtu anayezama. Aliwaongoza wageni kutoka greda hadi katapila, kutoka katapila hadi mashine ya kokoto, akieleza uzito na nguvu, wanafunzi wakicheka na kusukumana. Mbele ya kijiko alisimama, akaweka mkono kifuani, akasoma jina.

"Naam," ilijibu sauti kutoka kwenye kibanda cha dereva.

Wanafunzi walidhani ni mchezo, wakapiga makofi. Mzee Wilibrodi hakupiga, kwa sababu mtambo ule haukuwa na injini. Aliitoa mwenyewe mwaka ule wa maafa. Lakini wenzo ulisogea, ndoo ya meno iliyoshikamana kwa kutu ikalia na kuinuka kidogo, vumbi la kijivu likamwagika kutoka kibandani juu ya vichwa vya watoto waliokuwa bado wakicheka, harufu ya dizeli ikajaa kila mahali, na Naisenya akahisi kanga zote mbili zinalegea mgongoni bila mtu kuzigusa, akageuka na kumwona binti yake tayari amepanda kwenye mnyororo wa mtambo, mkono mmoja umenyooshwa juu, umeshikwa na mkono mwingine uliotoka kibandani, mkono wa mwanamume, wenye kucha zilizokatika kwa kuchimba.

Alimrukia, akamkamata miguu. Mtoto aliyezoea kumbeba kama kifurushi alikuwa mzito kama jabali. Mzee Wilibrodi alimwacha akivuta, akakimbilia kopo la rangi, akaimwaga yote ubavuni mwa kijiko na kuipaka kwa viganja vyake, huku akisali kwa Kiiraqw. Herufi ya mwisho ilipofunikwa, Namelok alidondoka mikononi mwa mama yake.

Mzee hakufungua tena lango mwaka ule. "Nisamehe, shemeji," alisema, mikono imejaa njano. Naisenya alimsamehe. Mtoto alipona kikohozi, akanenepa, akawa anauliza mara kwa mara, "Baba hatakuja?" Mama yake akimwambia hatakuja, Namelok alikuwa akienda kukaa karibu na kigoda. Naisenya naye, nawaambieni ukweli, Jumamosi saa nane alikuwa akisikiliza nje.

Januari, Namelok alianza darasa la kwanza. Naisenya, ambaye hakujua kusoma, alimpeleka na kadi yake ya kliniki, akamkabidhi kwa Mwalimu Hyasinta, dada mpole wa Mbulu. Akasimama kidogo dirishani kuona kama mtoto ataogopa. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio akaanza kuita, na kwa kila mtoto aliita jina lake na la baba yake, kama inavyofanyika shule zote.

"Namelok," aliita mwalimu, kisha akalitaja lile jina, kama lilivyoandikwa kwenye kadi.

"Nipo," alisema Namelok.

"Nipo," ilisema sauti ya mwanamume kutoka nyuma ya darasa, sauti iliyochoka.

Mwalimu aliinua kichwa. "Nani amejibu tena?"

Alikuwa amekaa kwenye dawati la mwisho, magoti yamepanda hadi kifuani, vumbi likimdondoka juu ya mbao. Safari hii alikuwa ameelekeza uso mbele, na Naisenya, ambaye hakuruhusiwa kuuona siku ya mazishi, aliuona. Namelok alikuwa ameshageuka, anatabasamu.

Naisenya aliingia darasani.

"Mwalimu, futa hilo jina. Andika Namelok Naisenya."

"Naisenya si jina lako, mama?"

"Ni langu."

Mwalimu alishusha sauti. "Mama, nikiandika hivyo, kila asubuhi kwa miaka saba watamsikia anaitwa kwa jina la mama. Watasema ni mtoto wa nje. Kwani hana baba?"

Mtu wa dawati la mwisho alikuwa akimtazama Naisenya. Hakuwa na hasira. Alikuwa akimngoja aseme, kama alivyomngoja zamani mbele ya wazee, Naisenya alipoulizwa kama anamkubali.

"Hana," alisema Naisenya.

Kisha akalirudia kwa Kimaasai, ili mtu yule asikie vizuri. "Mtoto huyu hana baba. Sikuolewa na mtu."

Mtu yule aliinuka taratibu, akajikung'uta vumbi mara mbili, akatoka mlangoni akipita karibu naye, karibu kiasi cha kumgusa, na hakumgusa. Nyuma ya darasa mtoto mmoja akacheka, wenzake wakamfuata. Mwalimu alifuta, akaandika.

Naisenya alikaa kwenye ngazi za nje, akamlilia mumewe kwa sauti kama ambavyo hakupata kumlilia alipomzika. Kengele ya mapumziko ilipogongwa watoto walitoka mbio. Namelok alitoka wa mwisho, akamtazama mara moja, kisha akampita kama mtu asiyemjua.