Nusu ya Moyo Ndani ya Friji

"Nusu nyingine kala nani?"

Nilijiuliza kwa sauti. Mchumba wangu alikuwa bafuni anaoga huku anaimba, na mimi nimesimama mbele ya friji yake nikitazama keki ya umbo la moyo, imekatwa katikati. Nusu ipo, nusu haipo. Anaoka keki za kuuza kila siku, lakini moyo hajawahi kuniokea hata mimi.

Simu yake ikalia mezani. Ujumbe, kutoka kwa "Meneja":

"Nusu uliyoniletea jana imenimaliza. Asubuhi hii njoo na nusu ya pili. Nakusubiri kwa hamu."

Damu ikanichemka. Nusu ya pili? Ataiona ndotoni! Nikachukua kijiko, nikaila nimesimama, krimu na machozi pamoja, mpaka sahani ikang'aa.

Akatoka na taulo kichwani.

"We! Umefanya nini?"

"Muulize huyo Meneja wako mwenye hamu."

"Umesoma simu yangu?"

"Unamgawia mwanaume mwingine moyo, halafu unaniuliza habari za simu?"

Akanyakua simu, akausoma ujumbe, akajibwaga kwenye kiti.

"Yale ni maombi ya kazi, mwehu wewe! Hoteli inatafuta mpishi wa keki za harusi. Wenzangu wote wamepeleka karatasi. Mimi nikapeleka nusu keki na kikadi: 'Nusu nyingine nitakuja nayo mkiniita.' Leo wameniita. Niende na nini sasa, na tumbo lako?"

Nikakitafuta kiburi changu, sikukiona.

"Basi nenda nalo," nikasema. "Vaa, twende."

Meneja alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani. Nilitamani sakafu inimeze.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Binti, nusu yangu iko wapi?"

"Ameila huyu."

"Yote?"

"Yote, mama," nikajibu. "Nilidhani wewe ni mwanaume."

Akanikagua kuanzia viatu mpaka nywele.

"Kwa hiyo uliila na hasira zako?"

"Nilikuwa nataka kuivunja hiyo friji."

"Na bado ukaimaliza?"

"Nikalamba na sahani."

Mama wa watu akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Mtu mwenye wivu hata maji hayampiti kooni, huyu kamaliza keki! Binti, unaanza Jumatatu."

Nje, kwenye ngazi, nikamshika mkono. Akauchomoa.

"Kazi nimepata mimi. Wewe huna chako hapa."

"Mpenzi, nisamehe. Sirudii tena."

"Hayo maneno kila mtu anayo. Ukinitaka, peleka maombi kama mimi, yenye ubunifu. Na ujitahidi kweli, waombaji ni wengi."

Akashuka zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Wengi?" Nikamkimbilia. "Wengi akina nani? Wewe, simama! Nitajie mmoja mmoja!"