Chumvi ya Kupanda Nayo Mlimani

Benjamini aliita hiking. Nkome nzima iliita kuzurura.

"Degree ya utalii imepata kazi ya kutembeza mbwa!" walisema wachuuzi wa dagaa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, tena kwa sauti, ili asikie na aumie vizuri. Akiwajibu kwamba wazungu hulipia kufanya hivyohivyo, wanacheka hadi wanashika mbavu.

Basi Jumamosi hiyo, jua la kawaida tu, ziwa limetulia kama mtu aliyeshiba, Benjamini alifunga kamba za raba zake, akachukua simu, maji, embe moja gumu na kisu, akampigia mbwa mluzi. Mpango wake ulikuwa kupiga picha za njia ya kupanda Nyabilo, mlima ulio nyuma ya kijiji, azirushe mtandaoni, labda atapatikana mteja mmoja mwenye hamu ya kukwea mawe. Vijana mjiajiri, si ndivyo tunavyohubiriwa kwenye semina? Tena na watu walioajiriwa.

Mbwa aliitwa Mtasema. Jina hilo alipewa na Maige, kaka yake Benjamini, kuwarushia majirani dongo: kwao ukitaka kumsema mtu bila kugombana, unamwita mbwa wako kwa nguvu jioni. Maige alikuwa mchimbaji. Masika ya mwaka jana duara, shimo la dhahabu alimoshuka, lilititia. Wenzake walitolewa, wazima na maiti. Yeye hakuonekana. Na kwa kuwa kaburi haliachwi tupu, wazee walikata mgomba, Benjamini akauvika suti ya kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, ukazikwa. Kifungo kimoja cha koti kilikuwa kimepotea, akashona cha bluu katikati ya vyeusi.

Mama yao hakulia. Alisimama mbele ya waombolezaji, akasema, "Mmezika ndizi. Mwanangu yuko kazini mahali."

Grief, Benjamini alijisemea. Stage ya kwanza, denial. Alikuwa amesoma.

Ila kulikuwa na hili. Tangu mazishi, Mtasema alikuwa akipotea mlimani peke yake, kisha anarudi anatikisa mkia kama aliyetoka kupokea mgeni. Miguuni ana tope jekundu. Nkome ni mchanga mtupu.

"Shikamoo, mama. Natoka."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Unapanda?" Mama alikuwa mlangoni, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juani. Alimpa karatasi iliyokunjwa. "Shika."

Chumvi. Msukule, mtu aliyechukuliwa kichawi akafanyishwa kazi, hulishwa pumba, haonjeshwi chumvi kamwe, maana akiionja anakumbuka jina lake na njia ya kwao. Hilo hata mtoto wa chekechea Usukumani atakueleza.

"Ukimwona, usimwite. Mtie mdomoni, yote. Nusu haifai, Benja. Nusu inamwamsha tu, haimfungui."

"Mama, jamani. Mimi ni msomi."

"Najua. Ndiyo maana nimefungia kwenye makaratasi yako."

Kweli. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa CV yake: jina, picha ya passport ndani ya tai ya kuazima, na ile Bachelor yote. Miaka saba akiisambaza maofisini, leo ndiyo imepata kazi.

Walipanda. Mtasema mbele, kamba ndefu shingoni, ulimi nje, akisubiri kwenye kila kona. Katikati ya mlima kuna jabali tambarare ambapo unaona ziwa lote, visiwa vyote, na mitumbwi midogo kama maganda ya karanga. Benjamini alipiga picha ishirini, akakaa, akamenya embe. Lilikuwa chachu la kukunja uso.

Sasa niambie, mtu wa kwetu ana embe chachu mkononi na chumvi mfukoni. Atafanya nini?

Alichovya kipande cha kwanza akicheka peke yake. "Samahani, Maige." Akachovya cha pili. Akachovya mpaka ikaisha. Mtasema alilamba vumbi lililobaki kwenye karatasi. Kisha Benjamini akafunga kokwa ndani ya CV yake, akalisokomeza kwenye ufa wa jabali. Hakutupa hovyo. Alikuwa mtu wa utalii endelevu.

Juu zaidi, ndege walinyamaza.

Hakugundua mara moja. Aligundua aliposikia pumzi zake mwenyewe. Jua la saa sita lilikuwa utosini, hakuna upepo, na Mtasema akaanza kuvuta kamba kama punda. Ikamponyoka. Benjamini akamfuata, akavuka mawe mawili makubwa, akakuta bonde ambalo kwenye ramani ya simu yake halikuwepo.

Udongo wa bonde lile ulikuwa mwekundu.

Watu walikuwa wakichimba. Wengi, wanaume na wanawake, wamepauka majivu. Masururu yalipanda na kushuka. Yalipanda na kushuka. Hayakutoa sauti.

Mmoja wao alivaa suti.

Benjamini aliangalia vifungo. Cheusi. Cheusi. Bluu.

Mtasema alikwisha fika. Aliruka, akaweka miguu kifuani kwa Maige, akamlamba mkono, akamlamba uso, akamlamba midomo kwa ulimi ule wenye chumvi. Sururu la Maige likasimama hewani. Macho yake, yaliyokuwa kama ya samaki wa jana, yakazunguka polepole. Yakamwona mbwa. Yakaona bonde. Yakaona mikono yake mwenyewe.

Kisha yakamwona Benjamini.

Alimtambua. Hilo ndilo lilikuwa baya. Alimtambua kabisa, akanyoosha mkono, akafungua mdomo kama mtoto anayesubiri kulishwa.

Ndani hamkuwa na ulimi.

Benjamini alipapasa mifuko. Akaigeuza nje. Akanusa vidole vyake, vilinukia embe. Maige akazidi kunyoosha mkono. Machozi yalichimba mifereji kwenye ule ukoga wa majivu.

"Msomi."

Sauti ya chini, ya upole. Juu ya jiwe alikaa mwanamume amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amewapa mgongo. Hakugeuka.

"Taratibu, wenzako wako kazini." Akanyoosha kola ya shati. "Na wewe unatafuta kazi?"

Miaka saba. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Maige alitikisa kichwa. Hapana. Hapana. Mwenzake wa kando akamgusa bega, naye akainua sururu tena, analia, anaona, anajua, anachimba.

Benjamini alikimbia.

Mama alikuwa palepale mlangoni. Alimtazama suruali iliyochanika, mifuko iliyoning'inia nje.

"Umemwona."

"Nimemwona."

"Chumvi?"

Benjamini alitazama miguu ya mama iliyovimba. "Nimempa, mama. Yote."

Mama akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alilia kwa furaha. "Wabeja, ng'wanone. Asante sana." Akainuka kwa kujikokota, akasonga ugali, akakaanga dagaa, akaweka sahani ya Maige kizingitini, mlango wazi. Benjamini aliingia chumbani, akalala na viatu.

Asubuhi jua lilikuwa la kawaida tu.

Mtasema alikuwa amerudi, amejikunja kando ya sahani. Ugali haukuguswa. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri, kama anavyokunja mama.

Mama aliifungua. Likadondoka kokwa la embe. Lilikuwa limefyonzwa mpaka likawa jeupe kama mfupa.

Alilichukua. Akalinusa kwa muda mrefu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Benja," alinong'ona. "Wewe ulikula."

Akamsukumia karatasi bila kumtazama. Jina lake lilikuwepo. Bachelor yake ilikuwepo. Pale kwenye picha palikuwa na tundu, limekatwa kwa utulivu, kona zote nne zimenyooka.

Benjamini alinyoosha mkono kuipokea, mkono ukamuuma. Akakunjua kiganja. Kilikuwa kimejaa malengelenge mabichi, mstari mmoja chini ya vidole, pale mpini wa sururu unapokaa.

Kwenye mikunjo ya kiganja kulikuwa na udongo mwekundu.