Kadi Yenye Tiki Mbili

Saa sita mchana, duka la fotokopi lililo mkabala na ofisi ya vizazi na vifo halina pa kuweka hata kidole. Mmoja ana vyeti, mwingine ana hati ya kiwanja, wakili ana fungu zima la kesi, na mashine ni moja, nayo inakohoa. Hapo ndipo bahasha ya msichana ilipogongana na bahasha ya kijana, zote za kaki, zikaanguka, na makaratasi yakachanganyika kama kuku wa majirani.

"Samahani, dada yangu."

"Samahani haiokoti. Inama tuokote."

Kijana akainama. Shati lake lilikuwa jeupe, lakini vidole vilikuwa na madoa ya dawa za kusafishia picha. Msichana alivaa blauzi ya njano na sketi ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inataka kukata mtu. Nyuma ya sikio alichomeka penseli.

"Hiyo penseli ni pambo au kazi?"

"Kazi. Nahakiki vitabu. Neno lisilo na ushahidi halipiti kwangu."

"Basi nina kitendawili. Ukishindwa, utanipa mji."

"Foleni yote hii, wewe unawaza vitendawili? Haya, tega."

"Mti wangu umeota karatasini, hauhitaji maji, lakini ukichuma jani moja nyumba nzima inalia."

"Ukoo," msichana akajibu papo hapo. "Huo ndio ninaouhangaikia mwezi wa tatu sasa. Ukoo wa waziri mkuu wa kwanza."

Kijana akaacha kuokota. "Yule ni babu yangu," akasema.

Basi, mapenzi yana mahali pengi pa kuanzia. Haya yalianzia chini ya meza ya fotokopi.

Kazi ya msichana ilikuwa hivi. Kila habari ya kitabu aliiandika kwenye kadi moja. Akipata ushahidi mmoja, anaweka tiki moja. Akipata wa pili, tiki mbili. Katika nyumba ya uchapishaji alikofanya kazi, kadi ya tiki moja hukatwa, ya tiki mbili huenda mtamboni. Kwa hiyo kijana akambandika jina: Tiki. Naye akamwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi wa kufufua picha za zamani.

Simu ililia kila adhuhuri.

"Tiki wangu, umekula?"

"Nimekula kurasa arobaini."

"Na ukashiba?"

"Nimebakisha nafasi yako."

Halafu kitendawili. Mara nyingine Tiki aliweza, mara nyingi alishindwa makusudi, maana alipenda kumsikia akicheka na kudai mji. Kufikia mwisho wa masika, Fundi alikuwa na miji kumi na saba.

"Utaifanyia nini yote hiyo?"

"Mmoja tutajenga. Iliyobaki ni ya watoto."

Alasiri moja, Tiki alimkuta Fundi studioni, ameinamia picha ya wasichana wawili waliovaa magauni yanayofanana, ya maua madogo, kola nyeupe. Ukungu ulikuwa umemla mmoja shavu.

"Huyu ni Bibi," Fundi akasema. "Huyu mdogo wake." Akafuta brashi. "Tiki, nikikwambia kitu, hakitoki hapa?"

"Hakitoki."

"Huyu mdogo ndiye aliyemzaa baba yangu. Akafa siku ile ile. Bibi akamchukua mtoto, Babu akampa jina lake. Baba mwenyewe hajui. Ana miaka sitini na mbili, hajui. Bibi ameniambia mimi tu, kwa sababu ya hii picha."

Tiki akaisogelea picha. Katika daftari la vizazi alikwisha kuona jina la mama wa mtoto wa tano, baba yake Fundi, na halikuwa la mke wa waziri mkuu. Alikuwa na kadi yake, ina tiki moja, inangoja kukatwa.

"Hii si ya kitabu, mpenzi," Fundi akasema.

"Si ya kitabu," Tiki akasema, na kwa moyo wake wote alimaanisha.

Lakini mkono una mazoea yake, jamani. Kesho yake asubuhi, akipanga kadi, alifika kwenye ile ya mtoto wa tano. Penseli ikaandika yenyewe: *Mjukuu, kwa mdomo.* Ikaweka tiki ya pili. Akaishtukia, akaitafutia kifutio, simu ya ofisi ikaita. Kadi ikarudi kisandukuni. Mchana homa ikampanda, akalala kitandani siku tatu. Siku ya pili mhariri alikuja kuchukua kisanduku. Hakuuliza kitu. Tiki mbili ni tiki mbili; Tiki aliporudi kazini, kadi ilikwisha kwenda mtamboni.

Kitabu kilipotoka, simu ililia asubuhi, si adhuhuri.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja," sauti ya Fundi ilisema.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Shangazi amekisoma kwa sauti sebuleni. Mbele ya Baba. Mbele ya Bibi. Na chini, kwa herufi ndogo, *mahojiano na mjukuu*. Ulinihoji, Tiki? Siku ile ulikuwa unanihoji?"

"Sikukuhoji! Niliandika tu kadi, sikujua kama..."

"Uliandika."

"Niliandika," akasema polepole.

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa. Siku hiyo, na wiki zilizofuata.

Akaenda kwa mhariri, macho mekundu, blauzi ile ile ya jana.

"Tuchapishe ukurasa wa masahihisho."

"Tusahihishe nini, mwanangu? Ni uongo?"

"Si uongo."

Mhariri akavua miwani. "Basi sina la kusahihisha."

Mwezi wa pili baada ya kitabu kutoka, mzee mmoja alibisha ofisini, suti ya kijivu, kofia mkononi. Pua ilikuwa ya Fundi mtupu.

"Wewe ndiye Tiki?"

"Ndimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kugomba. Nimekaa na hasira mpaka zimenichosha." Akageuza kofia. "Yule aliyenizaa. Una kingine juu yake zaidi ya jina?"

Tiki alimsimulia kila kitu: kadi, kifutio, homa. Kisha akazama kwenye madaftari wiki mbili nzima. Akapata mstari mmoja tu, katika daftari la shule: umri, darasa, na maelezo ya mwalimu: *Anaandika kwa mkono wa kushoto.*

Mzee aliporudi, alisoma ule mstari. Akautazama mkono wake wa kushoto, ulioshika kofia, akautazama tena. Alitoka, na kofia akaisahau mezani.

Aliyeifuata ni Fundi. Alimwambia Tiki wakutane pale pale kwenye duka la fotokopi, saa sita. Mashine ilikohoa vile vile.

"Baba amenieleza. Nilidhani umeniuza."

"Sikukuuza. Nilikuandika. Sijui lipi baya zaidi."

Fundi akacheka kidogo, kisha kicheko kikafa. Akampa nakala ya ile picha. Shavu lilikuwa limepona, msichana akicheka.

"Nimekusamehe, Tiki. Naapa nimekusamehe. Lakini Bibi nikikutaja anageukia ukutani. Amebakiwa na siku ngapi? Siwezi kumpeleka kaburini ameugeukia ukuta."

"Sikuombi ufanye hivyo."

"Nimekuja kukurudishia miji yako."

"Yote?"

"Kumi na sita. Mmoja nabaki nao."

"Upi?"

Akaangalia foleni, meza, sakafu. "Huu wenye fotokopi," akasema, akapokea kofia ya baba yake na kutoka, bega lake likipotea katikati ya mabega ya watu.

Tiki akarudi ofisini. Akakaa, akaisimamisha picha mbele yake. Akavuta kadi tupu, akachomoa penseli sikioni, na mkono ukaanza safari yake ya kila siku. Alijua habari yenyewe: Fundi bado anampenda. Alijua na ushahidi wake, mmoja kwa mdomo, mwingine kwa macho.

Akauzuia mkono. Kadi akairudisha kisandukuni, nyeupe kama alivyoitoa.