Wimbo Uliomfaa Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo: akiacha kuongea, anaimba. Lakini tangu baba mdogo afariki, hapakuwa na maranda ya kufagia. Ndugu hao wawili walikuwa wakifanya kazi pamoja. Sasa baba alikaa tu kwenye benchi, chakula akikidonoa, salamu akiitikia kwa kichwa. Wateja nao wakaanza kwenda kwingine.

"Mama, usihofu," Chiriku alijigamba. "Kiongozi wa kwaya ya shule nipo! Nitamchangamsha mwenyewe."

Alifungulia redio muziki wa kuchezeka, sauti juu kabisa, akacheza mpaka jasho likamtoka. Baba aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chiriku alilia kwa uchungu.

Wiki hiyo mama alimpeleka baba kliniki, kwa mshauri wa afya ya akili anayetumia muziki katika tiba. Chiriku aliwafuata.

"Shikamoo, mshauri."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ni mwimbaji hodari."

"Hodari wapi! Nimemfukuza baba kwa redio."

Mshauri alicheka. "Kuimba hukukosea, ila ulimwita kutoka mbali mno. Mwenye huzuni mfuate pale alipo, kisha mtembee pamoja." Akamgeukia baba. "Wewe na mdogo wako mlikuwa mkiimba nini kazini?"

Baba aliinua kichwa. "Wimbo wa kupigia randa," akasema. "Wa taratibu."

Jumamosi Chiriku aliketi karibu na baba karakanani, akauimba wimbo ule, aliozoea kuusikia hapo, kwa sauti ya chini. Miguu ilimwasha kucheza, akaikaza. Baba alianza kutokwa na machozi. Chiriku aliogopa sana, lakini hakukimbia wala hakubadilisha wimbo. Alikuwa amefikia ubeti wa tatu baba alipofuta uso, akashika randa na kuisukuma juu ya ubao. Halafu sauti yake nzito ikaingia kwenye kiitikio. Mama alisikia akiwa jikoni, akaacha sufuria na kuja mbio.

Huzuni haikuisha siku ile, na baba aliendelea kwenda kliniki. Ila sasa alikula, alifanya kazi, na mara nyingine alitania.

"Muziki ni dawa," mshauri aliwaambia siku moja, "na dawa hupimwa kwa hali ya mgonjwa. Msikilize mwenzako kwanza, ndipo uimbe. Na huzuni ikimzidi mtu nguvu, atafute msaada. Hakuna aibu hapo."

Baba alimshika Chiriku bega, akiwa kifua mbele machoni pa wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri.

"Mnamwona huyu?" alisema. "Ni binti yangu. Nililia mbele yake, naye hakuacha kuimba."