Mkaa Uliokunywa Risasi

Velimir Stojković alimlisha mjukuu wake sumu misimu miwili, na alikuwa ameonywa. Nawaambieni usoni, wanakijiji, maana wengi mlijua mkanyamaza.

Karakana yetu inayeyusha betri kuukuu za magari. Maji yake machafu yana madini ya risasi, na zamani yalikwenda mtoni hivyo hivyo. Sasa yanapita kwanza kwenye mapipa ya mkaa, tunaouchoma kwa kokwa za matunda ya plamu zinazobaki tukishapika pombe. Mkaa unanasa risasi, maji yanatoka safi. Kazi yangu ni kuubadilisha ukishajaa na kuufunga kwenye magunia mpaka lori la mjini liuchukue.

Velimir alikuja na toroli.

"Jirani, nipe huo mkaa. Marehemu baba alitia mkaa bustanini kila vuli."

"Ule ulikuwa mkaa mtupu. Huu umekunywa sumu."

"Si unasema maji yanatoka safi? Sumu imepaa mbinguni?"

"Imo humo kwenye mkaa, mzee. Ndiyo maana maji ni safi."

"Umesoma madarasa sita tu, leo umekuwa profesa."

Jumapili, nikiwa kanisani, alibeba magunia kumi na moja, akaumwaga mkaa bustanini kwake. Nilipohesabu yaliyobaki nilijua ni nani. Sikusema kitu.

Mkewe, Stanojka, alisema. "Mtoto anacheza humo, Velimir."

"Wewe menya pilipili hoho zako."

Jovanka, mjukuu wao wa miaka minne, aling'oa karoti akazila na udongo wake. Mwaka wa pili akaanza kushika tumbo. Akapauka. Maneno aliyoyajua yakampotea.

Hospitalini walipima damu, wakakuta risasi. Daktari akauliza, "Mtoto huyu anacheza wapi?"

Velimir akatazama viatu vyake.

"Sema, mzee," Stanojka akamwambia. "Siku zote huishiwi maneno."

Funzo

Mkaa hauimalizi sumu, unaishika tu. Anayeutoa kwenye gunia anaipeleka sumu nyumbani kwake. Na anayeona magunia yamepungua aseme siku hiyo hiyo, asiogope ugomvi wa jirani kama nilivyoogopa mimi.

Hasara ni hii. Udongo wa bustani nzima umechimbwa na kubebwa. Chupa mia moja na arobaini za ajvar, achari ya pilipili hoho za bustani ile, zimetupwa. Stanojka amehamia kwa dada yake. Jovanka sasa ana miaka saba. Alikuwa akihesabu hadi ishirini. Leo anafika nne.