Njia Mbili za Jengo la Kusini

Dada yangu mkubwa ni fundi wa mtandao katika hospitali ninayofanyia kazi ya umeme. Haya niliyaona kwa macho yangu, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema.

Siku ilianza kwa ubishi wetu wa kawaida. Tulikuwa tunakunywa chai chumbani kwake, yeye akinisema kwa kumaliza sukari, jicho moja likiwa kwenye skrini. Kila jengo la hospitali lina rauta yake, kifaa cha kuelekeza mawasiliano ya kompyuta, na rauta hizo huambiana zenyewe njia ya kufika kila mahali. Tangu Jumatatu njia moja ilikuwa inayumba. Inatokea, inakufa, baada ya dakika tisa inatokea tena. Kila ikiyumba, rauta zote zinaanza hesabu upya na majibu ya maabara yanakwama. Daktari mkuu alikuwa ameshamfokea dada mara mbili.

"Inatoka wapi?" nikauliza.

"Jengo la Kusini. Stoo ya chini."

Nilicheka, kisha nikaacha. Stoo ile ilifungwa miaka sita iliyopita, mwezi ule ule ambao fundi aliyemtangulia dada aliingia kazini asubuhi na asionekane tena. Umeme wake niliukata mwenyewe.

Dada alikuwa na haraka, akafanya kosa ambalo fundi aliyefokewa hulifanya. Kabla ya kutafuta chanzo, aliziunganisha njia zote za Kusini kuwa moja ya jumla. Sasa rauta nyingine zingesikia tangazo moja tu: Kusini kote shwari. Kinachokufa ndani yake zisingeambiwa.

"Umetengeneza au umefunika?"

"Nimefunika. Sasa nakwenda kutengeneza." Akachukua kompyuta yake ndogo, akaondoka. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Saa nane hakuwa amerudi. Simu yake haikupatikana. Skrini ilikuwa ya kijani kitupu, Kusini kote shwari, na kijani kile ndicho kilichonitia hofu. Asubuhi alikuwa amenionyesha kwa maringo jinsi ya kuweka ile njia ya jumla na jinsi ya kuifuta. Nikaifuta.

Njia zikajitokeza moja moja. Ya stoo ikatokea, ikafa. Chini yake ikatokea nyingine, nayo ikafa. Hiyo ya pili ilikuwa na anwani ya kompyuta ya dada.

Nilikimbia. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli letu la zamani, limeshika kutu, halijaguswa. Nikalivunja kwa nyundo.

Ndani giza. Nikawasha tochi. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya mguu. Dada alikuwa ameketi ukutani, kompyuta mapajani. Anabonyeza. Anaacha. Anabonyeza.

"Dada."

"Sema polepole," akanong'ona. "Yupo."

"Nani?"

"Alikuwa anaita miaka yote hii. Mimi nikamziba mdomo. Halafu nikaita na mimi, hukunisikia."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Waya wa kompyuta yake niliung'oa, nikaufuata hadi mwisho wake. Haukuwa umechomekwa popote.

Hii ni wiki ya tatu. Dada yuko nyumbani, anakula, analala, anajibu akiulizwa. Mama anamshukuru Mungu. Mimi naogopa. Nimempa chai isiyo na sukari siku nne mfululizo, naye anakunywa hadi mwisho, kimya, akiniangalia. Dada yangu angenitukana kwa kikombe cha kwanza tu.

Kompyuta yake iko juu ya kabati langu, betri nimeitoa. Hata hivyo leo asubuhi nilipita kwenye chumba cha mtandao, nikatazama Kusini, stoo ya chini. Njia bado ni mbili. Ile ya pili, yenye anwani yake, haingoji tena dakika tisa. Inatokea, inakufa, inatokea, haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango.

Nyundo nimeiweka kwenye begi. Mama sijamwambia. Kesho narudi kumtafuta dada.