Hiyo Si Taa ya Pasi

Fundi alishonea nguo sebuleni kwake. Jina hilo lilimganda mpaka mumewe naye akawa anamwita Fundi. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya pasi katikati, na nguo za watu zilijaa kwenye viti. Mgeni akija, kwanza ahamishe sketi ya mtu ndipo akae.

Mumewe hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali katika nchi ya mbali, na mdogo wake ndiye aliyemuuguza. Kila jioni, saa ya kuwaona wagonjwa, shemeji huyo alipiga simu ya picha kwa mtandao. Fundi na binti yake waliacha kila kitu. Mgonjwa alikuwa amekonda, lakini utani haukumwisha.

"Fundi, njoo unipunguzie hii suruali ya hospitali," alisema. "Inanivuka."

"Rudi nyumbani, nitakupunguzia," Fundi alimjibu.

Juma lile kazi zilikuwa nyingi. Fundi aliisukuma meza ya pasi hadi ukutani apate nafasi. Jioni simu haikuingia. Binti alichungulia boksi la mtandao lililokuwa kwenye rafu, juu ya meza.

"Mama, kuna taa nyekundu huku."

"Linapata moto," Fundi alisema. "Kama pasi. Liache, taa itazima yenyewe."

Tusimcheke. Miaka yote ya kazi yake, taa nyekundu ilikuwa na maana moja tu: pasi inapata moto, subiri. Basi wakasubiri. Simu yake ilionyesha imeunganishwa na boksi, tena vizuri, kwa hiyo aliamini tatizo liko kule hospitali. Jioni ya pili alikaa na simu mapajani huku akishona pindo, akijiambia labda mgonjwa amelala.

Asubuhi shemeji alipiga kwa simu ya kawaida.

"Shemeji, mbona hampatikani? Nilidhani kwenu umeme umekatika." Sauti yake ilikuwa nzito. "Kaka alikuwa anakuulizia, juzi na jana. Usiku hali imebadilika. Anasikia, lakini sauti haitoki tena. Daktari anasema tusitegemee itarudi."

"Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui, shemeji. Nilimwomba aniambie mimi, akakataa. Alisema neno hilo ni lako wewe."

Fundi aliketi juu ya nguo za watu, hakujali ni za nani. Hapo ndipo Mama Pacha alipomkuta. Jirani huyu alikuwa amefuata sare za wanawe. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja katika kampuni ya mtandao. Fundi alimweleza yote, hata habari ya boksi kupata moto. Mama Pacha hakucheka.

"Jirani, hiyo si taa ya pasi," alisema taratibu. "Njoo uone."

Walisimama wote watatu mbele ya rafu.

"Hii ya kwanza ni ya umeme. Ni ya kijani, umeme upo. Hii yenye alama ya mawimbi ni ya humu ndani. Ikiwaka, simu yako na boksi vinasikilizana. Ndiyo maana simu ilikudanganya. Sasa hii nyekundu ni ya waya unaotoka nje. Inasema mtandao haufiki kwenye boksi."

"Na maboksi yote yako hivi?" binti aliuliza.

"Yanatofautiana. Mengine yana taa ya rangi ya chungwa. Siku boksi linafanya kazi vizuri, lipige picha. Siku likigoma, linganisha."

"Sasa tufanye nini?" Fundi aliuliza.

"Zima, subiri kidogo, washa. Nyekundu ikirudi, usikae nayo. Piga simu kwenye kampuni. Waambie ni taa ipi, ina rangi gani, inawaka tu au inapepesa. Na kile kitundu cha nyuma usikichokoe, kinafuta mipangilio yote."

Walizima, wakawasha. Nyekundu ilirudi. Mama Pacha akaufuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya meza ya pasi. Mguu wa meza ulikuwa umeubana ukutani, waya ukakunjika.

"Ndani yake ni uzi wa kioo," alisema. "Haukunjwi kama uzi wa cherehani."

"Kumbe ni mimi," Fundi alisema. "Nimeikata sauti yake kwa mikono yangu."

"Sauti imekatwa na ugonjwa, jirani. Wewe umesukuma meza tu."

Walipiga simu kwenye kampuni. Mchana mtu alikuja akabadilisha waya. Nyekundu ikazima. Kijani ikapepesa, kisha ikatulia.

Jioni simu iliingia. Mgonjwa alikuwa amelala chali, macho wazi. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Binti alimwamkia baba yake, kisha akamsogezea mama. Fundi akaichukua simu.

"Nisamehe, mume wangu. Taa ilikuwa nyekundu, mimi nikasema boksi linapata moto. Wewe unaniulizia huko, mimi nangoja boksi liwe kama pasi."

Mabega ya mgonjwa yalitikisika. Shemeji alishtuka, akamwinamia.

"Anacheka," alisema. "Shemeji, anacheka."

Fundi naye alicheka huku machozi yakimtoka. Alimwambia habari za sare, za Mama Pacha, za meza iliyorudi katikati. Waliendelea hivyo kila jioni, mke akisema, mume akisikiliza, mpaka alipofariki.

Siku hizi picha ya boksi imebandikwa ukutani, na namba ya kampuni imeandikwa chini yake. Mteja akilalamika kwamba mtandao wa kwake unasumbua, Fundi humuuliza kwanza ni taa ipi nyekundu. Wengi amewasaidia. Lile neno alilowekewa hajalijua mpaka leo. Jioni, ikifika saa ya kuwaona wagonjwa, bado huinua macho kwenye rafu. Taa zote ni za kijani, na hakuna anayepiga.